Bahasha ya Bilyana

Kila asubuhi, kabla saa mbili haijagonga, Vihra, msichana wa darasa la sita, alikuwa amekwishafika darasani. Alipenda kuingia wakati viti bado vimepinduliwa juu ya meza na sakafu ingali na harufu ya sabuni ya kudekia. Alishusha kiti chake cha dawati la mbele, karibu na bomba la kupashia joto, akapanga kalamu zake tatu, akafungua daftari la hesabu. Wenzake walipoanza kuingia wakikung'uta theluji viatuni, yeye alikuwa ameshamaliza maswali mawili ambayo hakuna mtu aliyemwagiza.

"Profesa keshafika," Ognyan alisema kila siku, kama mtu anayetangaza saa. Ognyan alikuwa mvulana mcheshi wa darasa hilo, na katika mji wetu wa Gabrovo, unaojulikana nchini kote kwa mizaha na ubahili, mcheshi hakosi wasikilizaji. "Profesa, hebu tupigie hesabu. Chakula cha shule leo kitakuwa na nyama ngapi?"

"Sifuri," mtu alijibu kutoka nyuma, na darasa zima likacheka.

Vihra hakucheka wala hakugeuka. Aliamini kwamba wanamwonea wivu. Bibi Stana, aliyeishi naye pamoja na mama yake, alimwambia hivyo tangu darasa la kwanza, siku aliporudi nyumbani analia kwa sababu hakuna aliyetaka kucheza naye. "Waache, mjukuu wangu," alisema bibi. "Mtoto mwenye akili kama zako hapati marafiki. Watu wanakuonea kijicho tu." Maneno hayo yalimpoza siku ile, na tangu hapo kila alipoachwa peke yake aliyarudia moyoni.

Rafiki alikuwa naye mmoja, Desa, aliyekaa naye dawati moja kwa miaka minne. Desa alikuwa msichana mpole mwenye mashavu manene, hodari wa kula mbegu za alizeti darasani bila kukamatwa. Vihra alimwacha anakili majibu ya hesabu, na Desa alimsindikiza mpaka kona ya posta baada ya masomo. Vihra aliona hilo linatosha kuitwa urafiki.

Muhula wa pili ulipoanza, mwezi wa Februari, Bi Nedyalkova, mwalimu wa hesabu, aliingia darasani na msichana mrefu aliyevaa sweta la kijani lililomzidi mikono.

"Huyu ni Bilyana. Ametoka Vidin. Baba yake amepata kazi hapa kiwandani. Mpokeeni."

"Vidin ndiko wapi?" Ognyan aliuliza, akijifanya hajui. "Kuna umeme huko?"

"Upo," Bilyana alisema. "Ila tunauzima mchana. Tulisikia watu wa Gabrovo ndivyo mnavyofanya, tukaiga."

Darasa lilipasuka kwa kicheko, Ognyan mwenyewe akiwa wa kwanza. Hata Bi Nedyalkova alitabasamu. Kisha akaandika swali ubaoni, swali gumu la wiki, lile ambalo siku zote aliuliza huku akimtazama Vihra. Vihra alipoinua mkono, alisikia sauti nyuma yake.

"Jibu ni arobaini na mbili, mwalimu. Lakini nadhani kuna njia fupi zaidi."

Aliyesema ni Bilyana. Akaja ubaoni, akaandika mistari minne tu, na njia ile kweli ilikuwa fupi. Vihra aliitazama njia yake mwenyewe daftarini, iliyojaza nusu ukurasa, akaifunika kwa kiganja.

Tangu siku hiyo Vihra hakuwa na raha. Kama Bilyana angekuwa hodari wa hesabu tu, pengine angevumilia. Kilichomchoma ni kwamba Bilyana alikuwa hodari wa hesabu na bado watu walimpenda. Wakati wa mapumziko alizungukwa. Alimfundisha Ognyan sehemu na desimali kwa kumkatia mkate wa jibini vipande vipande, na Ognyan akaelewa, akala na mfano wenyewe. Wasichana walimsuka nywele. Hakuna aliyemwita Profesa.

"Kwa nini yeye hawamwonei wivu?" Vihra alijiuliza akiwa peke yake karibu na bomba la joto. Swali hilo lilimkereketa kuliko la ubaoni, kwa sababu kama akili ndiyo inayofukuza marafiki, ingepaswa kuwafukuza wa Bilyana pia.

Siku moja Desa alihamisha begi lake.

"Mwalimu amesema naweza kukaa na Bilyana," alisema bila kumtazama Vihra usoni. "Ananielekeza pole pole. Hukasiriki, si ndiyo?"

"Kaa unapotaka," Vihra alijibu. "Mimi nitapata nafasi ya kuweka vitabu."

Akavieneza vitabu vyake juu ya nafasi ya Desa, kimoja kimoja, mpaka meza ikajaa. 

Ikafika Machi mosi, siku ambayo kila mtu nchini huwafunga wapendwa wake nyuzi nyekundu na nyeupe mkononi ili wawe na afya mwaka mzima. Kwa wanafunzi, siku hiyo ni kama mizani: unamtazama mtu kifundo cha mkono, unajua ana marafiki wangapi. Ilipofika saa sita mchana, mikono ya Bilyana ilikuwa imejaa nyuzi mpaka karibu na viwiko, ingawa alikuwa na mwezi mmoja tu shuleni. Vihra alikuwa na tatu. Moja ya mama, moja ya bibi, na moja ya Bi Nedyalkova, ambaye humpa kila mwanafunzi.

Bilyana alimjia akicheka, ameshika uzi uliosokotwa kwa ustadi, wenye fundo dogo mwishoni.

"Huu nimekusokotea mwenyewe. Hebu lete mkono."

"Nimeshajaza," Vihra alisema, akauvuta mkono ndani ya sweta. "Niwekee hapo mezani."

Kicheko cha Bilyana kilikatika. Aliuweka uzi pembeni mwa daftari, polepole, akaenda zake. Desa alimtazama Vihra kwa jicho ambalo hakuwahi kuliona kwake, kisha akamfuata Bilyana.

Wiki ileile Bi Nedyalkova alitangaza kwamba kutakuwa na mashindano ya hesabu ya taifa huko Plovdiv, na kila shule itapeleka mwanafunzi mmoja tu wa darasa la sita. Mtihani wa kumchagua ungefanyika Alhamisi ya wiki iliyofuata. Darasa zima liligeuka, nusu wakimtazama Vihra na nusu wakimtazama Bilyana. Vihra aliwahesabu. Waliomtazama Bilyana walikuwa wengi zaidi.

Jumatatu jioni Bilyana aliteleza kwenye barafu nje ya duka la mikate, akateguka kifundo cha mguu. Daktari akamwambia akae nyumbani siku mbili. Jumanne, baada ya masomo, Bi Nedyalkova alimwita Vihra mezani. Alikuwa na bahasha mbili za rangi ya kaki.

"Nimewaandalia mazoezi, wewe na Bilyana. Nimeyaandika kwa mkono, kwa hiyo mnivumilie mwandiko wangu. Kuna mbinu humo ambazo hatujazifundisha darasani. Hii yako. Hii mpelekee Bilyana, mnakaa mtaa mmoja, sivyo?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Mpelekee leo leo. Nataka mshindane kwa haki."

Kutoka shuleni mpaka nyumbani kwa akina Bilyana ni mwendo wa robo saa, ukivuka daraja la mto Yantra na kupanda mlima mdogo. Vihra alitembea na bahasha kifuani, ndani ya koti, ili isilowe. Tuseme ukweli wake: alipokuwa njiani hakuwa na nia mbaya. Alikuwa hata ametunga maneno ya kusema mlangoni. "Pole na mguu. Mwalimu amekuletea hii."

Alipanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu. Alikuwa ameinua kidole abonyeze kengele aliposikia kicheko ndani. Kilikuwa kicheko cha Desa. Alikifahamu vizuri, ingawa alipofikiri hakukumbuka kama yeye mwenyewe alipata kumchekesha Desa hivyo, mpaka akakosa pumzi. Kisha akasikia sauti ya Ognyan ikiigiza mtu, na sauti ya mama yake Bilyana ikisema, "Jamani, kuleni, mkate huu wa jibini utapoa!" Harufu ya mkate wa moto ilipenya chini ya mlango.

Wote walikuwamo. Yeye hakuna aliyemwambia twende.

Wivu ulimpanda kama homa. Masikio yalimwaka, mkono uliokuwa karibu na kengele ukashuka wenyewe. "Hawanihitaji," alijiambia. "Basi na mimi simhitaji mtu." Akashuka ngazi kwa ncha za viatu, bahasha ikiwa palepale kifuani. Alipofika nyumbani aliitia chini kabisa ya droo, chini ya nguo za kiangazi. Kisha akaifungua ile yake, akaanza kusoma.

Alhamisi Bilyana alikuja akichechemea, ameegemea bega la Desa. Mtihani ulikuwa na maswali manne. Vihra alipofika la nne, kalamu ilisita. Ua wa vigae sita kwa sita, na mbao za urefu wa vigae vinne na upana wa kimoja. Je, mbao tisa zinaweza kuufunika ua wote bila kukatwa wala kulaliana? Mbinu yake ilikuwa ukurasa wa tatu wa karatasi za kwenye bahasha: paka vigae rangi kwa mafungu, kisha hesabu. Vihra aliandika jibu kwa dakika kumi. Aliinua macho, akamwona Bilyana akichora ua baada ya ua, akifuta, akichora tena, nywele zimenata kwa jasho kwenye paji la uso. Vihra alitegemea kwamba atafurahi. Hakufurahi. Alijikuta anatazama dirisha.

Ijumaa matokeo yalisomwa. Vihra, alama thelathini na nane kati ya arobaini. Bilyana, thelathini na mbili.

Wanafunzi walitazamana, kama watu waliotarajia jina lingine. Kisha mtu mmoja akapiga makofi. Alikuwa Bilyana. Wengine wakafuata.

Wakati wa mapumziko marefu wote walitoka kwenda kurushiana theluji ya mwisho. Bilyana, kwa ajili ya mguu, alibaki. Vihra naye alibaki, kama kawaida yake.

"Nionyeshe la nne," Bilyana alisema. "Limeniua. Jana nimeshindwa hata kula. Nilijua haiwezekani, lakini kuthibitisha, weeh!"

Vihra alitaka kukataa. Lakini hakuna mtu aliyewahi kumwomba hivyo, kwa macho yenye njaa ya swali lenyewe, si ya kunakili jibu. Akashika chaki. Alichora ua, akapaka mafungu ya vigae viwili kwa viwili, jeusi, jeupe, jeusi. "Kila ubao, uulaze utakavyo, utafunika vyeusi viwili na vyeupe viwili. Kwa hiyo ungehitaji vyeusi na vyeupe sawa. Sasa hesabu."

"Vyeusi ishirini," Bilyana alisema, akinong'ona. "Vyeupe kumi na sita. Ah! Ah, wewe! Ni nzuri mno hii!" Aliruka kwa mguu mmoja mpaka ubaoni. "Ngoja, ngoja. Basi huhitaji rangi. Ungeweza kuandika namba. Moja, mbili, tatu, nne, moja, mbili. Mstari wa pili uanzie mbili. Wa tatu uanzie tatu. Kila ubao utafunika moja, mbili, tatu na nne, mara moja moja!"

"Kwa hiyo kila namba iwe mara tisa," Vihra alidakia. Alikuwa ameshaanza kuhesabu. "Mbili zipo kumi!"

"Na nne zipo nane tu!"

"Haiwezekani!"

"Haiwezekani kabisa!"

Walitazamana, chaki imewajaa puani, wakacheka kama watu waliookota kitu barabarani. Vihra hakuwa amewahi kufurahi hivyo ndani ya darasa lile. Kwa dakika kumi alikuwa amesahau wivu wake wote, amesahau hata bahasha.

Ndipo Bi Nedyalkova akaingia kuchukua miwani yake. Aliutazama ubao, akasimama.

"Namba! Hiyo sikuifikiria," alisema. "Lakini Bilyana, mimi nilidhani hili ungelikamata kwenye mtihani. Njia ya rangi ilikuwemo kwenye zile karatasi nilizompa Vihra akuletee. Hukuzisoma?"

Vihra aliinamisha macho, akaanza kufuta chaki vidoleni. Bilyana alimgeukia. Alimtazama usoni kwa muda mfupi tu, na muda huo ulitosha.

"Sikupata nafasi ya kuzipitia, mwalimu," alisema.

"Mguu," mwalimu alisema kwa huruma. "Pole, mwanangu." Akachukua miwani, akatoka.

 Bilyana aliweka chaki chini.

"Zilipotea au ulizificha?"

Vihra angeweza kusema zilipotea. Neno lilikuwa limeshafika ulimini. "Nilifika mpaka mlangoni kwenu," alisema. "Nikamsikia Desa anacheka. Nikarudi nazo."

"Basi."

"Basi."

"Sasa unataka nikuambie hakuna neno?" Bilyana aliuliza. "Lipo neno. Mimi jana nimelala najiona mjinga. Nimejitukana usiku kucha."

"Kwa nini basi hukunisema kwa mwalimu? Ahsante kwa..."

"Usinishukuru! Sikukuonea huruma." Bilyana aliketi, akaunyoosha mguu wake uliouma. "Unadhani mimi nilizaliwa napendwa? Kule Vidin nilikuwa mimi Profesa. Waliniita Kikokotoo. Miaka miwili hakuna aliyenialika hata kwenye keki ya kuzaliwa. Nikawa nawacheka wakikosea, nikidhani nalipiza. Siku moja nilichana ramani ya msichana mmoja aliyoichora wiki nzima, kwa sababu mwalimu aliisifu. Yule msichana hakunisema. Mpaka leo namkumbuka, na ningefurahi angenisema." Akapumua. "Tulipohamia huku niliapa kwamba nitawauliza watu habari zao kabla sijawaonyesha ninachokijua. Ni hilo tu. Si uchawi. Na wewe nilikuona siku ya kwanza kabisa, nikasema moyoni, yule pale ni mwenzangu. Nikakusokotea uzi. Ukaniambia niweke mezani."

Vihra alianza kuufuta ubao polepole.

"Sitamwambia mtu," Bilyana alisema. "Lakini usije kwangu mpaka uwe umesema mwenyewe."

Nyumbani mambo yalikuwa ya sherehe. Bibi Stana alikuwa amepika pilipili hoho zilizojazwa wali na nyama, na jirani wa ghorofa ya pili alikuwa ameshaambiwa, na wa ghorofa ya nne pia. "Plovdiv!" bibi alisema, akimpakulia. "Wacha wapasuke kwa kijicho!"

Vihra alisukuma sahani. "Bibi, hakuna anayenionea kijicho. Mimi ndiye mwenye kijicho."

Akaenda chumbani, akarudi na bahasha, akaiweka mezani katikati ya sahani. Akaeleza yote, tangu kengele ya mlango hadi ubao. Mama, aliyekuwa ametoka kazini na bado hajavua koti, alisikiliza akiwa amesimama.

"Itie motoni, yaishe," Bibi Stana alisema kwa sauti ndogo. "Mtoto ni mtoto."

"Hapana, mama," mama yake Vihra alisema. Akamgeukia binti yake. "Jumatatu utaipeleka kwa mwalimu. Nitakusindikiza mpaka koridoni. Mlangoni utaingia mwenyewe."

Siku mbili hizo zilikuwa ndefu. Jumatatu asubuhi Vihra alipiga moyo konde, akagonga mlango wa chumba cha walimu, akaiweka bahasha ya kaki, bado imefungwa, mbele ya Bi Nedyalkova. Alisema maneno machache, yote ya kweli. Mwalimu aliigeuza bahasha mikononi mara mbili tatu.

"Ungenyamaza nisingejua kamwe," alisema hatimaye.

"Najua, mwalimu."

"Nafasi ya Plovdiv sasa haina mwenyewe. Jumatano mtafanya mtihani mwingine, maswali mapya. Na darasani utasema wewe, si mimi."

Kusema darasani ndiko kulikokuwa kugumu kuliko yote. Vihra alisimama, akasema yote. Ognyan alifungua mdomo atoe mzaha, akaufunga tena. Desa aliinamisha kichwa.

Wakati wa kurudi nyumbani Vihra alimkuta Desa kwenye kona ya posta.

"Ulinichukia tangu lini?" Vihra aliuliza.

"Sikukuchukia. Nilichoka." Desa alitema ganda la alizeti. "Miaka minne, Vihra. Miaka minne nimekaa na wewe, nimeujua mtihani wako kila mmoja na alama yake. Wewe hujui hata jina la mbwa wangu."

Vihra alifikiri. Hakulijua. Alijua tu kwamba mbwa yupo, kwa sababu ya manyoya kwenye koti la Desa.

"Anaitwa nani?"

"Sharo."

"Ni mkubwa?"

"Mkubwa kuliko mimi," Desa alisema, na bila kutaka akatabasamu. "Anaogopa paka." Wakatembea kidogo. Alikuwa na mengi ya kusema juu ya Sharo, na Vihra alisikiliza yote, hata wakapita kona bila kuagana.

Jumatano mtihani ulifanywa. Bilyana alipata thelathini na sita, Vihra thelathini na tano. Alama moja. Wivu ulimuuma Vihra tena, palepale, kama jino bovu linalokutana na maji baridi. Hakujifanya haumo. Ila safari hii alifanya jambo jingine. Alivuka darasa mpaka kwenye dawati la Bilyana.

"Umenishinda," alisema. "Lakini jometri yako ni mbovu. Swali la pili umelizunguka kama mtu aliyepotea sokoni. Ukienda Plovdiv hivyo watakumaliza."

Bilyana aliisukuma karatasi yake pembeni. Kisha akavuta kiti kilichokuwa tupu karibu yake. "Keti basi, nifundishe. Una siku kumi."

Siku kumi hizo Bi Nedyalkova alipopita koridoni jioni alisikia kelele darasani. Vihra na Bilyana walikuwa wanabishana juu ya pembe na duara, Desa akiwaambia wapunguze sauti kwa kuwa yeye anasoma jiografia, na Ognyan akipigia kura upande wowote uliokuwa unashindwa. Siku ya tisa aliingia, akaketi juu ya meza, jambo ambalo wanafunzi hawakuwahi kumwona akilifanya.

"Nina neno," alisema. "Kwanza ni la kwangu. Vihra, kwa miaka mingi nimesoma alama zako kwa sauti, nikakuweka dawati la mbele, nikawauliza wenzako kwa nini hawawi kama wewe. Nilidhani nakupa zawadi, kumbe nilikuwa nakujengea ukuta. Kwa hilo nimekosa. Alama sitazisoma tena kwa sauti."

Vihra aliinamia daftari lake.

"La pili ni lenu nyote. Kuona wivu si aibu. Humjia kila mtu, mwenye akili nyingi na mwenye chache, na mimi hunijia nikimwona mwalimu kijana anayependwa kuliko mimi. Ubaya unaanza pale unapouachia mkono wako ufanye kazi, ukaficha cha mwenzako au ukakiharibu. Hapo unajinyima mambo mawili: haki yako ya kushinda, na mtu ambaye angeweza kukuelewa. Vihra alikuwa anatafuta mwenzake tangu darasa la kwanza. Alipokuja, akamfungia mlango. Bahati yake ni kwamba aliufungua mwenyewe, kwa kusema kweli, wakati kunyamaza kulikuwa rahisi. Na akili, wanangu, haimfukuzi rafiki. Kinachomfukuza ni kutomuuliza hata habari za nyumbani kwake."

"Mwalimu," Ognyan alisema, "huyo mwalimu kijana ni yule wa michezo?"

"Funga mdomo, Ognyan," alisema Bi Nedyalkova, na wote wakacheka.

Jumamosi Bilyana alikwenda Plovdiv, akarudi akiwa wa kumi na mbili kati ya watoto mia na hamsini. Si wa kwanza, lakini shule yetu haikuwahi kufika huko. Jumatatu asubuhi Vihra hakuwa darasani kabla ya saa mbili. Alikuwa nje ya duka la mikate pamoja na Desa, wakimngoja Bilyana ashuke mlima, na alipotokea kwa mbali Vihra alipaza sauti kabla hajasalimu:

"La jometri, umelipata?"

"Nimelipata!" Bilyana alijibu, akianza kukimbia. "Kuna jingine limenishinda, njoo uone!"